Kisanduku Kisicho na Komeo

Nyanjige aliwasalimia wanawake sita bombani na hakuna hata mmoja aliyemwitikia. Alisema "Mwangaluka" kama anavyosema kila asubuhi, akasubiri, akasikia maji tu yakigonga ndoo ya mtu. Mmoja alijishughulisha kufunga kanga ambayo haikuwa imefunguka. Mwingine alimgeukia jirani yake akaanza habari za mbuzi. Bariadi mtu anaweza kukunyima chumvi na bado mkazungumza, lakini akikunyima hata kuitikia salamu, ujue umeshahukumiwa na hakuna atakayekusomea mashtaka.

Mashtaka yenyewe aliyajua. Wiki ile kampuni ya pamba aliyokuwa akiifanyia kazi ilianza kugawa mbegu kwenye ghala la jinari, kiwanda cha kuchambulia pamba, na wakulima kumi na mmoja wa kijiji cha Kasoli walifika na baiskeli zao wakaambiwa kwamba majina yao yapo ila hawana mashamba. Mbele ya jina la kila mmoja, mahali pa ekari, palikuwa na sifuri. Mwenye sifuri hapewi mbegu. Na aliyeingiza ekari za watu wote kwenye kompyuta alikuwa mmoja tu, Nyanjige, mke wa Luhaga fundi baiskeli wa karibu na stendi.

Wapo waliosema ameuza mbegu za watu kule Mwandoya. Wapo, wale wa mambo ya zamani, waliosema mashine ile inakula majina na yeye ndiye anayeilisha. Mvua ya kwanza ilikuwa imeshanyesha, udongo umelowa vizuri, na watu kumi na mmoja walikuwa wamekaa na majembe yao wakitazama jirani zao wakipanda. Katika hali hiyo hakuna mtu anayetafuta ukweli. Anatafuta wa kumchukia, na Nyanjige alikuwa karibu.

* * *

Constantine, meneja wa tawi, alikuwa mtu wa Mwanza, msafi wa viatu, mpenzi wa neno "kasi". Tangu watu binafsi waruhusiwe kununua pamba, mji ulikuwa umejaa makampuni, kila moja na gari lake na ahadi zake, na Constantine aliishi kwa hofu moja tu, ya kutanguliwa. Kila asubuhi Nyanjige alimpigia goti hata yeye, kama alivyowapigia wazee, kwa heshima ya cheo, ingawa kwa umri Nyanjige ndiye aliyemzidi miaka michache. Naye aliitikia bila kuinua macho, kama anayepokea chenji.

"Alhamisi watu wa Kasoli wote wanakuja hapa uwanjani," alimwambia siku hiyo. "Utasimama mbele yao useme kosa ni lako. Ulifanya uzembe, unaomba radhi. Halafu nitawapa mbegu."

"Wapewe leo, bosi. Udongo umelowa."

"Nikiwapa leo bila neno, watajua kampuni ndiyo yenye matatizo. Kesho wanahamia kwa jirani."

"Lakini mimi sikuandika sifuri."

"Kwa hiyo zimejiandika?"

Nyanjige alikumbuka akiandika ekari kumi na mbili za mzee Machibya, mmoja wa wale kumi na mmoja. Alikumbuka mpaka kikohozi chake. Hakukumbuka kuifuta.

"Novatus anakuja kesho kutoka Mwanza kuangalia mashine," Constantine aliendelea. "Akikuta nzima, na atakuta nzima, basi. Wewe sema, watu watasahau."

"Watu wa Kasoli, bosi? Mimi nimeolewa huko. Huko ndiko nitakakozikwa."

"Kuna wasichana wamemaliza kozi ya kompyuta Shinyanga, wanasubiri tu kiti hicho." Alisema bila hasira, akitafuta kalamu yake mfukoni. "Fikiria mpaka Alhamisi."

* * *

Novatus, kijana mwembamba aliyetengeneza ile programu, alikaa mbele ya kompyuta asubuhi nzima bila kuona ubaya. Jedwali lilikuwa zima. Kila mstari jina la mkulima, kijiji chake, ekari zake, kila kitu ndani ya kisanduku chake. Mchana alimpisha Nyanjige kwenye kiti, akamwambia, "Dada, fanya kazi kama siku zote. Mimi nitatazama tu."

Ndipo alipoingia Kabula, mama mkwe wa Nyanjige. Alikuwa ametoka Kasoli na kifurushi cha michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, kichwani, na badala ya kwenda kwanza nyumbani kwa mwanawe alikuja moja kwa moja ofisini, maana maneno yalikuwa yamemfikia na alitaka kuiona kwa macho yake hiyo mashine inayokula majina.

Nyanjige alitoka kwenye kiti kama anavyotoka kwa kila mzee anayepita mlango ule. Chumba kilikuwa finyu, kiti kikirudi nyuma kinagonga kabati, kwa hiyo alishuka chini pale pale ubavuni mwa meza, mkono wa kulia umeshika ukingo.

"Mwangaluka, mayu," alisema, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mwanangu. Mhola?" Kabula aliuliza kama ni salama.

"Mhola duhu."

Kabula hakuwa mtu wa salamu fupi. Aliuliza habari za Luhaga, za mtoto, za kikohozi cha mtoto, za kuku aliyemwacha mara ya mwisho. Nyanjige alijibu yote akiwa kwenye goti. Alipoegemea vizuri ili ainuke, Novatus alitoa sauti ndogo.

"Dada, usinyanyuke. Baki hivyo hivyo. Kiganja chako kiko wapi?"

Wote watatu walitazama. Upande wa kiganja chake ulikuwa juu ya pembe ya kibodi, pale zinapokaa namba, umelala juu ya sifuri na kitufe cha enta. Kwenye kioo, ekari nane za Shida Maige, aliyehudumiwa kabla Kabula hajaingia, zilikuwa zimegeuka sifuri, na kivuli cha rangi kinachoonyesha pa kuandika kimeshashuka mstari wa chini, kwa mtu mwingine.

Ikawa wazi. Kisanduku chochote kilichosimamiwa na kile kivuli kilikuwa wazi muda wote, kama mlango usio na komeo ambao mbuzi anausukuma sawasawa na mwenye nyumba. Namba ya kwanza kuguswa inafuta iliyokuwapo, enta inafunga kazi, na kivuli kinasogea. Nyanjige akirudi kitini anakuta mstari mpya na anaendelea. Kila alipomheshimu mzee mmoja, aliyemtangulia alipoteza shamba. Kasoli ndiyo iliumia zaidi kwa sababu siku ya Kasoli wazee walikuja wengi.

Nyanjige aliona aibu kwanza, aibu ya kweli. Kisha aibu ikageuka swali.

"Kwa nini kinafunguka bila kufunguliwa?"

Novatus alitazama mlango. "Mwanzo hakikuwa hivyo. Nilikifunga. Ilikuwa lazima ukibonyeze mara mbili kwa kipanya ndipo kikubali kuandikwa. Ukigusa kibodi tu, kinanyamaza."

"Nani alikifungua?"

"Bosi alisema kinachelewesha. Alitaka mtu akigusa namba, iingie. Alisema tukikawia, wenzetu watatutangulia kuandikisha wakulima." Alishusha sauti. "Nilimwambia kuna hatari. Akasema nimelipwa kutengeneza, sikulipwa kushauri."

"Unaweza kukirudisha?"

"Nusu saa tu. Lakini mpaka aseme yeye."

Waliingia kwa Constantine pamoja. Aliwasikiliza mpaka mwisho, akainuka kufunga mlango ambao haukufungika vizuri, akarudi kukaa. Alikumbuka vizuri siku aliyotoa amri ile. Alikumbuka pia alivyojisifu kwa wakubwa wake Mwanza kwamba tawi lake limeandikisha watu kwa kasi kuliko matawi yote.

"Kwa hiyo kosa ni la magoti," alisema.

"Ni la kisanduku, bosi," Nyanjige alijibu.

"Hapa ni ofisini, siyo nyumbani kwa mkwe. Kuanzia leo unasalimia umekaa. Huo mkono unabaki pajani. Programu haiguswi na hakuna kupiga simu Mwanza. Na Alhamisi utasema kama tulivyokubaliana."

"Hatukukubaliana."

"Basi tukubaliane sasa."

Kwenye benchi la nje Kabula alisikia kila neno. Alichukua kifurushi chake, akatangulia nyumbani bila kuaga.

* * *

Jioni walikula michembe na karanga. Luhaga alikuwa na mafuta ya cheni mpaka kwenye viwiko. Alikuwa mume mwema, mpole, na hofu yake ilikuwa pale pale juu ya kichwa chake, kwani nusu ya nyumba ilikuwa na bati na nusu nyingine ilikuwa turubai.

"Mama Scola, sema tu yaishe," alimwambia mkewe. "Maneno ya dakika mbili."

"Wewe ukiambiwa breki uliyoifunga vizuri ndiyo imemwangusha mtu, utasema ndiyo?"

"Mimi sina bosi."

"Ndiyo maana nakuuliza wewe."

Luhaga aliweka bakuli chini. "Mimi naziba pancha. Wewe ndiye mwenye mshahara humu ndani. Unadhani napenda kukwambia hivi?" Hakupenda. Alitamani kumwambia mkewe akamtemee yule meneja usoni, lakini aliishia kutazama turubai.

Kabula hakuwa amegusa chakula. Mwanamke huyu alijulikana Kasoli nzima kwa ukali juu ya adabu. Wasichana walioolewa ukoo wake walimwogopa kuliko wachumba walivyomwogopa baba mkwe.

"Mimi ndiye niliyekufundisha hilo goti," alisema. "Wiki ya harusi nilikugombeza mbele ya mawifi zako kwa sababu uliinama tu. Ulilia. Nakumbuka."

"Nakumbuka pia, mayu."

"Basi nakuachia. Salimia umekaa. Wazee wakiuliza, waambie Kabula ameruhusu. Shika kazi yako."

Kwa mama yule kusema hivyo ilikuwa sawa na kuvua nguo barabarani, na Nyanjige alijua. Alishuka kwenye kigoda, akakaa chini karibu na miguu yake.

"Mayu, uliponifundisha lilikuwa lako. Sasa ni langu. Mzee anatoka Kasoli na baiskeli, anapanga foleni toka alfajiri, anaitwa kwa namba, anasukumwa na mlinzi. Akifika kwangu nampigia goti, ananiuliza mimi ni wa kwa nani, anakumbuka kwamba ni mtu. Hicho ndicho kitu pekee anachopewa pale bure. Sasa niache, ili chombo cha Constantine kipate raha? Chenyewe kijifunze kusubiri kufunguliwa. Mimi sitajifunza kukaa."

"Watakufukuza," alisema Luhaga.

"Wanifukuze nikiwa nimesema ukweli. Nitakuja kukushikia tairi pale stendi."

Luhaga alicheka kidogo, bila kutaka. Kisha akavuta bakuli lake, akaendelea kula.

* * *

Siku ya Alhamisi uwanja wa jinari ulijaa baiskeli. Walikuja wale kumi na mmoja, wakaja na ndugu zao, wakaja na wengine wasiohusika ila wanaopenda kuona mtu akiaibishwa. Wanawake wawili wa bombani walikuwapo pia. Mbele kabisa alikaa mzee Machibya juu ya gunia tupu, fimbo katikati ya magoti. Constantine alisimama kwenye ngazi ya ghala, shati limepigwa pasi, akasema kampuni inawajali wakulima, kampuni imechunguza, na sasa karani ana neno la kuwaambia.

Nyanjige alikuja mbele. Hakusema alichotakiwa kusema. Alishuka kwenye vumbi, magoti yote mawili, akasema, "Mwangaluka."

Kimya. Kilikuwa kimya kile kile cha bombani, ila sasa kilikuwa cha watu zaidi ya mia. Nyanjige hakuinuka. Constantine alianza kusema, "Dada, nenda kwenye jambo lenyewe," na hakuna aliyemgeukia.

Mzee Machibya alikohoa. Alimtazama mwanamke yule chini vumbini kwa muda. Alikuwa na hasira naye, amekuja na hasira, lakini tangu azaliwe hakuwahi kumwacha mtu kwenye goti.

"Mwangaluka," alisema. "Wa kwa nani?"

"Wa kwa Ngeleja, baba," alijibu, akitaja ukoo wake.

"Haya. Mhola?"

"Mhola duhu."

Wengine wakaitikia, kwanza wazee, kisha uwanja karibu wote, na wale wanawake wawili wa bombani wakaitikia mwisho, kwa sauti za chini. Hapo ndipo Nyanjige aliposimama.

"Nimeambiwa niseme kosa ni langu," alisema. "Sitasema. Sikuuza mbegu ya mtu. Nikiwasalimia, mkono wangu unashika meza, na kile kibodi kiko hapo hapo. Kwenye kompyuta ile namba zenu zimewekwa kwenye visanduku visivyofungwa. Kiganja kikigusa tu, heka kumi na mbili zinakuwa sifuri, na mimi niko chini nawauliza habari za nyumbani. Mwanzo vilikuwa vinafungwa. Huyu kijana Novatus alivifunga, mpaka mtu akusudie mwenyewe kuvifungua. Meneja akaamuru vifunguliwe, ili tuandikishe upesi kuliko wenzetu. Juzi tumemwonyesha. Akasema programu haiguswi, niache kuwapigia magoti."

"Huo ni uongo wa mtu anayetetea kazi yake," Constantine alisema.

"Novatus yuko pale. Akanushe."

Watu walimgeukia Novatus. Aliangalia viatu vyake, akaona vina vumbi, akaviangalia zaidi. "Ni kweli," alisema hatimaye. "Ilivyosemwa ndivyo ilivyo."

Machibya aliinuka kwa fimbo yake. "Meneja, nisaidie, mimi sikusoma. Wewe umetoa komeo mlangoni, mbuzi ameingia amekula unga. Sasa umemshika binti aliyekuwa anakaribisha wageni?"

Watu walicheka, na kicheko kile kilimchoma Constantine kuliko tusi. Akasema kompyuta siyo mlango na mambo haya ni ya kitaalamu.

"Ya kitaalamu yaache," Machibya alisema. "Gari la jirani yako liko sokoni tangu asubuhi, lina mbegu juu, nimelipita. Sisi ni kumi na mmoja, lakini tuna ndugu, na pamba ya mwaka kesho bado haijui itapimwa kwa nani. Tunasubiri kwako, au twende?"

Enzi zile chama cha ushirika kilipokuwa kikinunua pamba peke yake, mzee asingeweza kusema hivyo, maana asingekuwa na pa kwenda. Constantine alilijua hilo kuliko wote. Alitazama baiskeli zile zote, zikiwa tayari zimegeuzwa kuelekea barabarani, kisha akamwita Thomasi mtunza ghala.

"Wape mbegu," alisema. "Kila mtu ataje heka zake." Na alipopita karibu na Nyanjige aliongeza kwa sauti ya chini, "Wewe, ofisini."

Ofisini alisimama nyuma ya meza yake. "Umenidhalilisha."

"Ulitaka nidhalilike mimi, bosi."

"Nakufukuza kazi."

"Nifukuze. Bado wako nje wanafunga magunia. Toka uwaambie mwenyewe, mimi nitasimama kando nisikie."

Constantine alisogea dirishani. Mzee Machibya alikuwa amekaa juu ya gunia lililojaa sasa, hana haraka ya kuondoka, anautazama mlango wa ofisi. Meneja alisimama pale mpaka shati likamlowa mgongoni. Kisha akapaza sauti amwite Novatus arudishe komeo lake, na ili asionekane ameshindwa kila kitu akamkata Nyanjige mshahara wa siku tatu kwa utovu wa nidhamu. Nyanjige alizidai siku hizo tatu mpaka masika, kila mwisho wa mwezi, bila kuchoka, na hakuzipata.

* * *

Asubuhi iliyofuata mzee Machibya alikuja kuhakikisha jina lake. Nyanjige alishuka kwenye goti pale pale ubavuni mwa meza, na kwa makusudi kabisa aliweka kiganja chake kwenye pembe ile ile ya kibodi, akakikandamiza. Mzee aliuliza habari za nyumbani, za Luhaga, za mtoto, za mama mkwe. Alijibiwa zote. Kwenye kioo kumi na mbili ilikaa kimya mahali pake.

Aliporudi kitini alikibonyeza kisanduku mara mbili, kikafunguka, akamwonyesha mzee namba yake, akakifunga tena bila kuigusa. "Sasa mpaka nikusudie, baba," alisema. Machibya alisogeza uso karibu na kioo, akatazama sana, akashukuru, "Wabeja," akatoka zake kwenda kupanda.

Constantine aliingia mzee akitoka. Alisimama mlangoni na begi lake, kama anavyosimama kila asubuhi, akingoja goti.

"Habari za asubuhi, Nyanjige."

"Nzuri, bosi," aliitikia, ameketi, mikono yote miwili juu ya meza.